Neno la Kiholanzi na Kisu cha Mbuzi

Neno lenyewe ni slachtoffer, na nimelichukia tangu siku niliyoletewa. Nililetewa kwa simu, matanga ya kaka yangu hayajaisha, nimejifungia jikoni kwa mama ili nisiwasikie wageni wakiniambia subira. Subira nimeifundisha darasani kwa methali zote zilizomo kitabuni. Siku ile sikutaka hata kulisikia jina lake.

Aliyenipigia ni binamu yangu, binti wa mama mdogo. Alizaliwa kambini Dadaab, wazazi wake wakampeleka Uholanzi kabla hajang'oa meno ya utoto, na sasa ni mkalimani hospitalini huko: mgonjwa wa Kisomali akisema tumbo, yeye humwambia daktari tumbo kwa Kiholanzi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Garissa. Sote wawili tunakula kwa lugha ambazo mama zetu hawakutunyonyesha, na kwa sababu hiyo tumekuwa na mchezo wetu wa miaka mingi. Ananitumia neno la Kiholanzi, namwambia alifungue.

Alifungue, kwa kuwa Waholanzi hawana muda wa "ya" na "cha" kama sisi. Wao huyafunga maneno pamoja kama ngamia wa msafara, pua ya huyu kwenye mkia wa yule, na ukitaka kujua nani amebeba nini sharti uwafungue mmoja mmoja. Hospitali kwao ni nyumba ya wagonjwa. Glavu ni kiatu cha mkono. Kobe ni chura mwenye ngao, na hilo niliwapelekea wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wakacheka mpaka naibu mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu. Hatukuwahi kufungua neno tukakuta damu ndani.

Kaka yangu alikuwa dalali katika soko la mifugo. Asubuhi aliyouawa, watu wawili walikuwa wanagombania ngamia jike aliyeletwa kutoka upande wa Bura. Mmoja alisema alama iliyochomwa shavuni ni ya ukoo wake na ngamia ameibwa. Mwingine alisema alama ni ya zamani, ngamia ameuzwa kihalali tangu akiwa ndama. Kaka alisimama katikati, maana dalali hula pale katikati. Fimbo zikainuka. Hilo ni jambo la kawaida sokoni, watu hupasuana vichwa asubuhi na jioni wanakunywa shaah pamoja. Lakini mpwa wa yule mwenye kudai, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa na kisu kiunoni. Akakitoa.

Nilipigiwa simu nikiwa darasani. "Mwalimu, kuja haraka," alisema mchuuzi mmoja wa mbuzi. "Ndugu yako amebigwa kisu. Shingo. Kuja, wallahi, kuja."

Nilifika wakiwa bado hawajamwinua. Alikuwa amelala kwenye samadi, mtu mmoja amembana shingo kwa kofia yake mwenyewe kaka, ile nyeupe, na haikuwa nyeupe tena. Damu ilikuwa imechimba njia yake kwenye vumbi mpaka chini ya kwato za mbuzi, na mbuzi walikuwa wameikanyaga wakaitawanya kote. Niliona alama ndogondogo za kwato nyekundu zikielekea langoni. Kaka alinitazama. Alitaka kusema kitu, na kilichotoka hakikutokea mdomoni. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nilimrukia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, mtu asiye na hatia yoyote, nikampiga makofi mpaka nikashikwa.

Baba yangu ni mchinjaji. Amechinja maisha yake yote, bucha yake iko mbele ya nyumba yetu na ua wa kuchinjia uko nyuma, na hakuna Idd mtaani kwetu ambayo hakuitwa. Alimwosha mwanawe mwenyewe. Alipotoka chumba cha kuoshea alikaa chini kando ya mlango, maji bado yanamchuruzika viwikoni, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeeleza habari ya kazi: "Kisu kilikuwa butu. Amekatwa, akakatwa tena mahali palepale. Hata mbuzi sijamfanyia hivyo."

Hakulia. Alirudia neno lile moja, butu, akaenda kuswali.

Basi siku ile ya simu, binamu yangu alilia kwanza, tukalia pamoja, kisha akasema, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusemezana, "Hapa kwetu gazeti lingemwandika slachtoffer."

"Lifungue," nikamwambia.

"Achana nalo, abaayo, dada yangu. Nimeropoka."

"Lifungue!"

"Slacht ni kuchinja," alisema polepole. "Offer ni sadaka. Sadaka ya kuchinjwa."

Nilitaka kutupa simu kwenye sufuria. Yeye, kwa hofu, akawa anaeleza mbiombio kama anayefunika shimo. Kwamba zamani lilikuwa neno la mnyama tu, kondoo au ng'ombe wa madhabahuni katika vitabu vyao vya dini. Kwamba watu waliingia humo baadaye, taratibu, mmoja baada ya mwingine, na siku hizi hata bibi aliyeangushwa na baiskeli ni slachtoffer, hata aliyetapeliwa kwa simu. Hakuna anayesikia kisu ndani yake tena. Kwamba slacht yenyewe ni ndugu wa neno lao la kupiga, na offer ilikuja na mapadri, kutoka Kilatini, na mwanzo wake ni kuleta kitu mbele. Kupiga, kuchinja, kuleta mbele.

"Kaka yangu hakuletwa mbele na mtu," nilimwambia. "Alikwenda kazini."

Nilikata simu nikiwa na matusi ya taifa zima mdomoni. Kisha, kazi ya ualimu haina likizo, nikajikumbuka. Nyani haoni kundule. Sisi redioni tunasema nini mafuriko ya Tana yakibeba nyumba za watu? Wahanga. Wahanga wa mafuriko. Na mhanga ni nini kama si kafara, kitu cha kutolewa? Nimelisahihisha neno hilo kwenye insha nyingi tu, nikaweka alama ya vyema pembeni, bila kusikia mnyama akilia ndani yake. Kisomali chetu ndicho kilichokuwa na adabu. Tunasema dhibbane, mtu aliyepatwa na taabu, basi. Hakuna kisu humo.

Kosa langu, au labda si kosa, ni kwamba nilimwambia baba. Alikuwa amekaa peke yake kwenye bucha iliyofungwa, na mimi nilihitaji mtu wa kukasirika naye. Nilimfungulia lile neno vipande vyote. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayemuuzia mnyama mgonjwa.

"Wamekosea," alisema. "Sadaka ina mwenyewe, na ina nia. Unataja jina la Mungu, unamwelekeza mnyama kibla, kisu kikali, mkono mmoja. Mwanangu ametolewa na nani? Kwa nia gani?"

"Ndiyo maana nimekasirika, Aabo."

"Kama ni sadaka," alisema, na sasa hakuwa anazungumza na mimi, "haijatolewa bado."

Niliyasikia maneno yale nikadhani ni uchungu. Uchungu husema mengi.

Wazee wa pande mbili walikutana. Polisi walikuwa na faili lao na kijana alikuwa ameachiwa kwa dhamana, lakini huku kwetu wazee hutangulia, kwa sababu wasipotangulia wao, hutangulia vijana wenye bunduki huko Fafi, na watu wasiojua hata jina la kaka yangu wangekufa kisimani. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na kila mtu alilijua. Wakakubaliana diya, fidia ya damu, ilipwe kwa ngamia, kama ilivyo desturi. Baba aliitika haraka. Watu wakamsifu kwa subira, na mimi nikaona fahari, kisha nikaionea haya fahari yangu.

Aliomba mambo mawili tu. Kwanza, ngamia wa karamu ya suluhu achinjwe kwenye ua wake, na achinje yeye mwenyewe. Pili, kijana aletwe. Wazee wakasita, maana muuaji kwa kawaida huwekwa mbali na macho ya wafiwa. Baba akasema, "Nataka anishike mkono mbele ya watu, yaishe." Nani angemkatalia mzee aliyefiwa?

Sasa lazima nieleze jambo moja la ua ule, ambalo kila mtoto wa nyumba yetu analijua. Baba hanoi kisu mbele ya mnyama. Hadithi za Mtume zinakataza, na wachinjaji wengi hulikumbuka jambo hilo wakiwa na nafasi, lakini kwa baba ni kama kupumua. Jiwe lake la kunolea liko nyuma ya ukuta, upande wa choo. Hunoa huko, hufuta kisu, hukiweka kwapani ndani ya shuka, na hutembea kwa mnyama mikono ikiwa mitupu, akimsemesha. Aliyekusudiwa haoni kisu mpaka kimefika. Siku moja nikiwa mdogo nilipita uani na kisu wazi mbele ya kondoo wa Idd, baba akanichapa, na yeye si mtu wa kuchapa.

Asubuhi ya suluhu, baada ya swala ya alfajiri, nilisikia jiwe nyuma ya ukuta. Nikajua ni cha ngamia. Nikaendelea kuchambua mchele.

Saa nne ua ulikuwa umejaa. Turubai lilifungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya bucha, wanaume wakakaa kwenye mikeka, huku wazee wao na kule wazee wetu. Ngamia alikuwa amepigishwa magoti kando, miguu ya mbele imefungwa kwa kamba. Sisi wanawake tulikuwa mlango wa jikoni. Mimi nilishika birika la shaah.

Baba akatoka na kisu kirefu cha ngamia, wazi mkononi. Akakaa chini mbele ya ngamia yule, uso kwa uso, akaanza kukinoa kwa chuma. Shwaa, shwaa. Ngamia akageuza macho, akanguruma, akajaribu kuinuka na kamba.

Wazee walitazama pembeni kwa huruma. Mzee wetu mmoja akanong'ona, "Maskini, huzuni imemsahaulisha hata kazi." Mama nyuma yangu alianza kulia.

Mimi sikulia. Nilisimama na birika langu nikijiuliza: kama kisu cha ngamia kinanolewa sasa, alfajiri kilinolewa kipi? Nikageuka, nikaingia bucha kwa mlango wa nyuma. Visu vyake hutundikwa misumarini ukutani, kila kimoja na mahali pake. Msumari wa kisu cha mbuzi ulikuwa mtupu. Na siku ile hapakuwa na mbuzi.

Nikaelewa. Ngamia hakuwa amesahauliwa. Ngamia hakuwa amekusudiwa.

Nilipotoka, kijana alikuwa tayari anavuka mkeka. Alikuwa mwembamba, amevaa kanzu ya kuazima iliyomzidi mabega. Nitasema kweli: hata mimi nilimchukia. Niliona mkono wake wa kulia nikauona ukikata, ukakata tena mahali palepale. Kama angeanguka na kufa hapo kwa mapenzi ya Mungu, ningemaliza kumimina chai. Baba aliweka kisu kirefu chini, mbali, watu wote waone. Kijana akapiga magoti, akainamisha paji la uso kwenye goti la baba, akamwita ami kwa Kisomali, "Nisamehe, adeer." Watu wakaguna kwa kuridhika. Baba akamwekea mkono wa kushoto kichwani, akampapasa kama anavyompapasa mnyama. Kisha nikamwona anaugeuza uso wa yule kijana, taratibu, kwa upole wote wa mikono yake, kuelekea kibla.

Nikaangusha birika. Nilivuka mikeka ya wanaume, nikakanyaga mapaja ya wazee, mtu akasema "Waryaa, mwanamke huyu!" na mwingine akanishika buibui likachanika. Midomo ya baba ilikuwa inatembea. Alikuwa amefika "Bismillahi". Mkono wa kulia ukatoka kwapani.

Sikuwa na muda wa kusema neno, mimi mwenye kuishi kwa maneno. Niliweka mkono wangu pale palipokuwa na shingo, na nikakamata.

Damu iliruka juu ya kijana, ikamjaa shingoni na kwenye kanzu ya kuazima. Yeye alibaki amepiga magoti, anajishika koo, anatafuta jeraha lake asilione. Baba alivuta mara moja. Nilisikia kisu kikipita kwenye kitu ndani ya kiganja changu kilichokuwa kimekazwa na sasa kimelegea.

"Aabo," nikasema, "ni mimi."

Akatazama. Hakumtazama kijana wala mimi usoni. Alitazama kisu chake kimekwama mkononi mwa mtoto wake wa mwisho aliyebaki, na vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja.

Hapo ndipo ua ulipolipuka. Wazee wetu walimrukia baba wakamlaza chini, wazee wao wakamvuta kijana kwa miguu kama gunia, fimbo zikainuka, mtu akapigwa mdomoni meno yakamwagika. Ngamia alikata kamba. Aliinuka na nguzo ya turubai, turubai lote likatuangukia, na chini yake watu walipigana gizani bila kujua nani wa nani mpaka wakachoka. Nadhani turubai lile liliokoa watu wengi. Huwezi kuanzisha vita vya koo ukiwa umefunikwa pamoja na adui yako, unapumua jasho lake.

Siku ile hakuchinjwa mtu, hata ngamia. Jioni watu walikula wali mtupu, pande zote mbili, kwa kuwa wazee walisema damu iliyomwagika imetosha na suluhu imesimama. Kisha, kwa sababu wazee ni wazee, walikaa kubishana kama mkono wangu nao una diya, na kama unayo, nani amlipe nani, maana aliyekata ni baba na mdai ni nyumba yake mwenyewe. Wanabishana mpaka leo.

Nilishonwa hospitalini. Vidole viwili vya mkono wa kulia havifungi tena, naandika ubaoni kwa kushoto, na wanafunzi wanasema mwandiko umekuwa bora, washenzi wale. Binamu yangu alipiga simu akalia tena. Nilimwambia bandeji ni kubwa kama kiatu cha mkono, akacheka huku akilia, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sasa wewe ndiye slachtoffer."

"Hapana," nikamwambia. "Umesema offer ni kuletwa mbele. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu, na nikamwaga chai ya watu njiani."

Kijana yupo Elwak, nasikia, anapakia malori. Mama yake hutuletea maziwa ya ngamia kila wiki. Huyaacha mlangoni na kuondoka, na mama yangu hungoja afike mbali ndipo aende kuyachukua. Sijui kama huko ni kusameheana. Maziwa tunayanywa.

Baba hajashika kisu tangu siku ile. Bucha inaendeshwa na mtu mwingine, na Idd iliyofuata walipokuja kumwita kama kawaida, aliwaambia waende mbele. Tulibaki wawili uani. Alisikiliza mbuzi wa majirani wakinyamaza mmoja mmoja, kisha akaniambia, "Lete mkono."

Hakuwahi kuuomba kabla. Aliufungua juu ya goti lake, akaupitisha kidole kwenye kovu kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mikono yake.

"Kilikuwa kikali?" aliuliza.

"Kikali sana, Aabo. Sikusikia kitu."

"Hukusikia?"

"Wallahi sikusikia."

Akajifunika uso kwa shuka akalia, mara ya kwanza tangu tumzike kaka, mabega yote yanatikisika. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi." Niliuacha mkono ndani ya mikono yake mpaka akamaliza, na ulikuwa unaniuma kama siku ya kwanza.